Mshahara wa Uchoyo

Mashine ilisoma kumi na saba nukta mbili. Silvana aliitazama kama vile imemtukana, akachukua kijiti kingine cha kupimia, akamchoma tena Mzee Teodori kidole. Kumi na saba nukta nne.

"Imepanda?" mzee akauliza huku akikinyonya kidole.

"Imepanda, babu."

"Basi chakula chako kina nguvu," mzee akasema, na wala hakuwa anatania.

Silvana alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya lishe katika chuo kimoja hapo mjini Sumbawanga. Kila asubuhi kabla ya vipindi alitembea hadi Milanzi kwa huyu mzee, karani mstaafu wa ghala la mahindi, akampima sukari, akampikia chakula cha mchana, akakifungia kwenye hotpoti na kukimbilia darasani. Aliyemlipa alikuwa Kasmir, mtoto wa mzee, mwenye duka la vipuri vya malori kule Tunduma. Shilingi elfu themanini kwa mwezi. Hizo ndizo zingemlipia chumba na nauli atakapokwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo, Kirando mwezi wa tisa, kwa sababu wazazi wake, wakulima wa Mwazye, walishamwambia wazi kwamba ada wamejikamua wakaimaliza, ya fildi ajitafutie. Na bila fildi hakuna cheti.

Mzee naye alikuwa na lake. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kisichotaka kufunga tangu Pasaka. Nesi wa kliniki hakumung'unya maneno: sukari isiposhuka kabla ya kliniki ijayo, mzee atapelekwa Mbeya, na huko asishangae akirudi na vidole tisa.

Kwa hiyo kumi na saba ile iliwakaa wote wawili rohoni. Tofauti ni kwamba mzee aliinuka, akachukua fimbo yake na kwenda kuota jua kibarazani, amani tupu. Silvana alibaki jikoni na mizani yake akipima unga wa ulezi mara tatu.

*

Simu ya Kasmir ilikuja saa nne, Silvana akiwa bado anamenya kitunguu nje ya jiko.

"Sikiliza, dada. Mimi nilipokuchukua baba alikuwa na kumi na moja. Leo ana kumi na saba. Hiyo ndiyo lishe mnayosoma?"

"Kaka, napika kwa vipimo. Ugali wa ulezi kiasi cha ngumi, mboga za majani nusu sahani, samaki..."

"Samaki! Umemtaja mwenyewe. Migebuka nanunua mimi, inatoka ziwani kwa hela yangu. Mama ananiambia kila jioni hotpoti anaikuta nyeupe. Mgonjwa wa sukari gani anayekula mpaka anafuta chombo? Nieleze, dada, huyo samaki anakwenda wapi?"

Silvana alikuwa akiifurahia ile hotpoti nyeupe. Alikuwa hata ameandika kwenye daftari lake la chuo: mgonjwa anapokea chakula vizuri.

"Nakupa wiki mbili," Kasmir akasema. "Sukari isiposhuka, tuachane kwa wema." Akakata.

*

Jioni hiyo Silvana alirudi kuchukua vyombo, maana hotpoti na mizani aliviosha mwenyewe, hakumwamini mtu. Alipotaka kutoka alimkuta Bibi Bertilla, mke wa mzee, kasimama mlangoni, mikono kaificha ndani ya khanga.

Huyu bibi alikuwa muuza maharage sokoni. Asubuhi alitoka na jioni ndiyo alirudi, na kwa miaka arobaini na moja ya ndoa kila alfajiri aliinjika sufuria kubwa, akapika, akaacha, akaenda kutafuta riziki. Kasmir alipomleta Silvana alimwambia mama yake, tena msichana akisikia, "Mama, kuanzia leo usiguse chakula cha baba, mafuta yako ni mengi." Basi, imekwisha. Tangu siku hiyo bibi alimsalimia Silvana vizuri, akamwonyesha chumvi ilipo, lakini jikoni hakuingia yule binti akiwemo.

"Hebu nione huo mkoba, mama," bibi akasema. "Si mimi. Ni Kasmir kasema."

Silvana alihisi machozi yakimjaa machoni, akayazuia. Alipiga magoti pale pale mlangoni, akaufungua mkoba mwenyewe na kutoa kimoja kimoja: mizani, daftari, kalamu mbili, rozari, na nusu kiazi kitamu cha kuchoma kilichofungwa kwenye gazeti.

"Hiki nini?"

"Changu cha mchana, bibi. Nilibakiza."

"Unampikia mzee wangu mgebuka halafu wewe unashindia kiazi?"

"Mgebuka ni wa babu. Nimeshampangia siku zake."

Bibi Bertilla aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Katika maisha yake amekaguliwa na mgambo wa soko, amekaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, lakini yeye kumkagua mtu mkoba nyumbani kwake ilikuwa mara ya kwanza, na alichokikuta ni kiazi. Aliinama, akavirudisha vitu mkobani kwa mikono yake, kiazi akakiweka juu kisipondeke.

"Nisamehe, mjukuu wangu."

"Hamna shida, bibi."

"Ipo, tena kubwa. Chakula kinapikwa, wewe hukili, mimi sikili, na mzee wangu anazidi kuumwa. Kesho siendi sokoni. Na wewe mchana usiende chuo."

"Kesho nina kipindi cha lishe ya jamii, bibi."

"Jamii si ndiyo sisi?" bibi akasema. "Njoo ukae hapa."

*

Kesho yake upepo wa mwezi wa saba ulivuma kwa hasira, ule wa Sumbawanga unaopenya hata kwenye sweta mbili. Silvana alipika, akafunga hotpoti, akaaga kwa sauti kama kawaida, akazunguka nyuma ya nyumba na kuingia jikoni kwa mlango wa uani. Bibi Bertilla, ambaye mume wake alijua yuko sokoni, alikuwa tayari amekalia kigoda karibu na dirisha dogo linalotazama kibarazani. Wakaketi wawili hao bega kwa bega, kimya, kama watoto waliotoroka shule.

Saa saba mzee alinawa, akafungua hotpoti. Hakula. Alikaa tu, mikono magotini, akitazama njia.

"Anangoja nini?" Silvana akanong'ona.

"Subiri," bibi akasema. Sura yake ilikuwa imeanza kubadilika. Naona alishajua.

"Tumsifu Yesu Kristo!" sauti ikaita kutoka getini.

"Milele amina! Karibuni, karibuni chakula!"

Waliingia wazee wawili: Modesti, mjane anayeishi na binti yake nyumba ya tatu kutoka hapo, na Polikarp, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho. Hawakusita wala kujivunga. Walinawa, wakaketi, Modesti akaongoza sala, na mikono mitatu ikaingia kwenye sahani ya mtu mmoja. Mgebuka uligawanywa mara tatu. Ule ugali wa kiasi cha ngumi ulitoa matonge mawili kwa kila mzee, na tonge moja likabaki, likasukumwa huku na huku kwa heshima mpaka Polikarp akalimaliza. Mzee Teodori akapangusa hotpoti kwa kidole, ikawa nyeupe.

"Dokta wako anapika vizuri," Modesti akasema, "ila anapikia ndege."

"Ndivyo walivyofundishwa," Mzee Teodori akamtetea.

"Haya, twende kwangu. Mariana keshaivisha."

Wakainuka wote watatu, Mzee Teodori akichechemea na kidole chake. Silvana na bibi walitoka mbio kwa mlango wa uani, wakapita nyuma ya choo cha jirani, wakachungulia. Kwa Mariana, binti wa Modesti, kulikuwa na kilima cha ugali mweupe wa sembe na maharage yanayoogelea mafuta. Wazee walikibomoa chote. Kisha wakahamia kwa Polikarp, ambako mke wake aliwaletea chai na maandazi, na Silvana akahesabu kijiko cha sukari kikiingia kwenye kikombe cha mgonjwa wake: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Cha tano hakutaka kukiona, akafumba macho.

*

"Babu," Silvana akasema mzee aliporudi, kwa hasira na nafuu kwa pamoja, "kila siku nakuuliza umekula nini. Unaniambia umekula chakula changu tu."

"Na ndicho ninachokula."

"Na kwa Mariana?"

"Kule siendi kula. Naitikia karibu."

"Babu, ule ugali wote!"

"Mtu amekula kwako, kesho akikukaribisha utakataa? Modesti kala chakula changu hapa. Nami naitikia karibu yake. Kuitikia karibu ndiyo kula?" Mzee alimtazama mkewe amsaidie, maana aliona msichana huyu wa watu haelewi jambo lililo wazi kabisa. "Mimi nilidhani unaniuliza chakula cha nyumbani kwangu."

Hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililomchosha Silvana. Alijua vya kumwambia mtu anayeficha; vya kumwambia mtu asiyeficha chochote hakufundishwa.

"Basi, babu, tufanye hivi. Ukifika muda wa kula, tufunge geti. Nusu saa tu. Ukishamaliza, tunafungua."

Sauti ya Mzee Teodori ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Nile nimejifungia?"

"Kwa ajili ya afya yako."

"Mwaka wa njaa tulikula mihogo michungu, mlango wazi. Nikiwa karani, mshahara unachelewa miezi mitatu, mlango wazi. Leo mwanangu ananinunulia samaki, ndiyo nifunge? Hao wazee wakikuta geti limefungwa na harufu ya samaki inatoka, mimi nitawatazama usoni vipi? Bora mkate hicho kidole. Kidole ni changu peke yangu."

Akaingia ndani, akavuta pazia la chumbani.

Silvana alikaa kwenye kigoda akajishika kichwa. Zile wiki mbili zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu, na Kirando ilikuwa inakwenda zake. Bibi Bertilla aliendelea kupepeta maharage kwenye ungo kana kwamba hakuna lililotokea, halafu akasema:

"Mimi tangu niolewe sijawahi kumpikia mtu mmoja. Hata sijui kunapikwaje."

"Bibi?"

"Kosa lako ni hilo tu. Chakula hakina neno. Nifundishe, nipike cha wote watatu. Mariana nitamwambia asipike mchana, aniletee mboga za majani, anazo nyingi hata nguruwe zimewachosha. Mke wa Polikarp alete dagaa. Wakila hapa wote, washibe hapa, hakuna karibu ya kuitikia kwingine."

Silvana aliinua kichwa. Lilikuwa jambo sahihi kiasi kwamba alitaka kucheka. Kisha akaelewa upande wake wa pili. Bibi akijua kupika hivyo, Kasmir atamlipa mtu wa nini? Alilipiga hesabu hilo pale pale kwenye kigoda, na alitamani sana, kwa dakika nzima, kusema kwamba ni vigumu, kwamba vinahitaji chuo. Ni binadamu. Halafu akaangalia lile pazia lililovutwa.

"Lete mkono wako, bibi," akasema. "Kunja ngumi. Huo ndio ugali wa mtu mmoja. Mizani tuiache."

*

Bibi Bertilla alijifunza kwa siku mbili. Ngumi tatu za ugali, nao wa ulezi. Samaki au dagaa kiganja kwa kila mtu. Mboga za majani zijaze nusu ya sinia, zichemshwe na karanga kidogo, mafuta kijiko. Maharage yawe mengi kuliko ugali, jambo ambalo lilimfurahisha kwa sababu ya biashara yake. Mwanamke aliyenyang'anywa jiko kwa miezi miwili alirudi humo akiimba nyimbo za kwaya, na genge lake la maharage sokoni likawa linafunguliwa saa tisa.

Wazee walilalamika, tusidanganyane. Polikarp aliliita lile sinia shamba la sungura. Siku ya kwanza Modesti alimaliza ngumi yake, akaangalia huku na huku na kuuliza kama ugali wenyewe uko njiani. Silvana, ambaye alipangua ratiba yake ya chuo ili awepo saa saba, alipiga magoti mbele yao na jagi la maji na beseni.

"Karibuni mnawe, babu zangu."

Na ukishaletewa maji ya kunawa, chakula kimekwisha, hakuna mzee wa heshima atakayebaki na mkono mezani. Walinawa wakinung'unika. Chai ilikuja kavu, bila sukari wala andazi.

Siku ya nne mashine ilisoma kumi na tatu. Siku ya saba, kumi. Kisha Silvana akapata mitihani ya majaribio siku mbili mfululizo, hakuweza kuja, akaridhika kwamba bibi anajua kila kitu. Aliporudi, mashine ikasoma kumi na tatu nukta nane.

"Bibi, mmekula nini?"

Bibi Bertilla alijishughulisha na moto. "Niliwaongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Modesti aliniangalia," bibi akasema, akaona haya kama msichana. "Mtu akikuangalia vile, utafanyaje?"

*

Jumamosi ya mwisho ya zile wiki mbili, saa saba mchana, Kasmir alishuka na gari lake bila kupiga simu. Alifanya makusudi. Aliingia getini akakuta baba yake na wazee wawili wamezunguka sinia, mama yake kasimama mlangoni na mwiko, na yule mwajiriwa wake yuko pembeni na jagi.

"Mama, kumbe mimi nalisha mtaa mzima?"

"Salimia kwanza," Bibi Bertilla akasema.

"Shikamooni."

"Marahaba," wazee wakaitikia kwa pamoja bila kuacha kutafuna.

Mzee Teodori hakubishana. Alivua ndala, akainua mguu wa kushoto na kuuweka juu ya benchi mbele ya mwanawe. Kidonda kilikuwa kimekauka pembeni, kimebaki doa dogo katikati. Bibi naye akaleta daftari la vipimo. Kasmir alisoma akiwa amesimama: kumi na tatu, kumi, kumi na tatu tena, kumi, tisa, nane nukta sita. Akarudia kuanzia juu. Mabega yakamshuka.

"Asante Mungu," akasema. Akageuka kwa Silvana. "Umepika nini safari hii?"

"Nimepika mimi," mama yake akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Chakula cha mchana chote, cha wote watatu. Kanifundisha."

Kasmir alikuwa mfanyabiashara, na swali lililofuata lilimtoka lenyewe. "Sasa kama unapika wewe, mama, huyu dada namlipa kwa kazi gani?"

Silvana alilitegemea swali hilo tangu siku alipomkunjisha bibi ngumi, na bado lilimchoma.

"Ni kweli, kaka," akasema. "Bibi vipimo vyote anavijua. Mimi hapa..."

"Nyamaza wewe," Bibi Bertilla akamkata. Akashuka ngazi ya mlango, mwiko mkononi. "Kasmir, nisikilize vizuri. Mimi kupika naweza. Kunyima siwezi. Mgeni wa mume wangu anaangalia sinia ugali umekwisha, mimi nimwambie imetosha? Kwa mdomo gani? Siku mbili huyu binti hakuwepo, niliwaongeza, soma hapo uone ilivyoruka. Hawa wazee wakininunia mimi, wamenuna na nyumba. Huyu wakimnunia, wanajua analipwa. Mimi napika, yeye ananyima. Huo ndio mshahara wake, wa uchoyo, na kunyima wazee watatu kwa elfu themanini unamwonea."

"Mchoyo kwelikweli," Polikarp akaunga mkono. "Hatujapata kuona."

"Na ana cheti chake," Modesti akasema.

"Bado, babu," Silvana akasema. "Mpaka niende fildi."

Mzee Teodori akamsogezea mwanawe kigoda. "Karibu chakula," akasema, na kwa neno hilo Kasmir hakuwa na ujanja. Alinawa, akaketi. Alikuwa barabarani tangu alfajiri na njaa ilikuwa inamuuma, na mboga zile za Mariana na maharage ya mama yake vilikuwa vitamu kuliko alivyotarajia. Bibi akamwekea ngumi yake. Aliimaliza kwa matonge matano.

"Mama, niongezee ugali."

Bibi Bertilla aliangalia sufuria, aliangalia mwanawe, kisha akaangalia ukutani. Wazee wakaacha kutafuna. Silvana alijua mwezi huu haujalipwa, na alijua ni nani aliyekaa kwenye kigoda hicho. Alichukua beseni, akapiga magoti mbele ya Kasmir, akainua jagi.

"Karibu unawe, kaka."

Kasmir akamtazama baba yake.

"Nawa, mwanangu," Mzee Teodori akasema. "Sisi tumeshazoea."

Akanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya baridi ya huko kwetu, yakamfanya akunje uso. "Laki moja na ishirini," akasema huku akinawa. "Kuanzia mwezi huu, na ukienda fildi utufundishie mwingine. Ila mimi nikija uniongeze tonge moja tu, dada."

"Hapana, kaka," Silvana akasema, akampa taulo.